Chakula cha Usiku Mji Mkongwe wa Zanzibar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wageni Wanaochelewa Kula

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wageni wanaosoma Kiswahili, wale wanaovuka bahari kutoka Dar es Salaam au wanaokuja kwa ndege kutoka Nairobi, Kampala, Goma na Moroni, ambao hushinda wakizunguka vichochoroni mwa Mji Mkongwe wakitazama milango ya kuchonga, kisha wakakumbuka njaa yao wakati giza limeshaingia. Kiswahili chako kitakusaidia sana hapa, lakini hakitawasha jiko lililokwisha kuzimwa, na ndiyo maana mengi ya maswali yafuatayo yanahusu saa zaidi kuliko mahali.

Ni saa 3 usiku, sijala, na niko katikati ya Mji Mkongwe. Nielekee wapi?

Elekea baharini. Bustani ya Forodhani, iliyo mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, ndiyo sehemu ya kwanza ya kujaribu kwa mtu aliyechelewa, kwa sababu pale majiko huwashwa magharibi na huendelea mpaka kiasi cha saa 4 au saa 5 usiku. Ukipotea njiani usimuulize mtu jina la mkahawa fulani. Uliza Forodhani, kwani hata mtoto aliyetumwa dukani atakuonesha. Wauzaji hawafungi kwa pamoja kama maduka ya jengo moja. Hukusanya vitu vyao mmoja mmoja kadiri watu wanavyopungua, na usiku wa katikati ya wiki, hasa wakati wa mvua za masika ambapo wageni ni wachache, meza huanza kupungua mapema kuliko usiku wa Jumamosi. Ukifika saa 3 bado una nafasi ya kuchagua. Ukifika saa 4:30 utakula kilichobaki, na si kila kilichobaki kinafaa kuliwa, jambo ambalo limeelezwa kwa urefu zaidi hapa chini.

Kwa nini mikahawa mingi ya wenyeji hufunga mapema hivyo?

Kwa sababu mlo mkubwa wa Mzanzibari ni wa mchana. Wali wa nazi kwa mchuzi wa samaki, pilau, biriani na mboga zake hupikwa ili vipatikane baada ya sala ya adhuhuri, na mikahawa ya Mkunazini, Malindi na Darajani hupika kwa hesabu ya watu wa ofisini, wa madukani na wa bandarini. Sufuria ikiisha imeisha. Hakuna anayeteleka upya kwa ajili ya mteja mmoja anayeingia saa 2:30 usiku. Baada ya hapo watu hurudi majumbani, wakasali Isha, wakala chakula chepesi: mkate wa kumimina kwa mchuzi uliobaki, chapati kwa maharage ya nazi, muhogo, ndizi, au boflo (mkate wa tanuri) kwa chai ya maziwa.

Mgeni anayetoka Nairobi, ambako mkahawa unaweza kujaa watu saa 4 usiku, huliona jambo hili kama upungufu wa mji. Si upungufu. Zanzibar iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchwa karibu saa 12:30 jioni, likitangulia au kuchelewa kwa dakika ishirini hivi, na Isha huadhiniwa kati ya saa 1:30 na saa 2 usiku. Siku ya mji hupimwa kwa adhana hizo. Mgeni akiizoea ratiba hiyo hatakosa chakula hata siku moja: atakula mlo wake mzito mchana kama wenyeji, na usiku atatafuta vitu vya kuchoma na vya kukaanga, ambavyo ndivyo hasa vinavyopatikana.

Ninatoka Goma. Je, saa ni zilezile?

Hapana. Goma, Bukavu, Lubumbashi, Kigali na Bujumbura ziko nyuma ya Zanzibar kwa saa moja. Simu itajirekebisha yenyewe, lakini tumbo halirekebiki siku ya kwanza, na mgeni anayeanza kuona njaa saa 2 ya kwao huwa tayari yuko saa 3 ya Zanzibar. Wanaotoka Kenya, Uganda, Tanzania Bara na Komoro hawana tofauti hii.

Forodhani ni mahali pa namna gani?

Ni bustani ya ukingoni mwa bahari ambayo ilifunguliwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub, na ambayo ilikarabatiwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Mchana ni mahali pa kupumzika chini ya miti. Alasiri vijana hujirusha baharini kutoka ukutani huku watu wakiwatazama, na jua linapoanza kuzama wauzaji huja na meza, makaa, taa na vyakula vyao, wengi wao wakiwa na kofia nyeupe za wapishi. Ukifika usiku kwa mara ya kwanza na kutafuta alama, upande wa nchi kavu utaiona Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, na ubavuni mwake kuta nene za Ngome Kongwe.

Wako Wazanzibari watakaokuambia kwamba Forodhani ni ya wageni na kwamba wao hawali pale. Wapokee kwa tahadhari. Nenda usiku wa Ijumaa au wa sikukuu uone familia nzima zimekaa kwenye nyasi, kina mama na mabuibui yao, watoto wakigawana chipsi za muhogo, na paka wasiohesabika wakisubiri miiba ya samaki. Lililo kweli katika maneno yao ni kwamba mwenyeji huenda kwa muuzaji anayemjua, hula vitu viwili vitatu anavyoviamini, na haiangalii kabisa ile meza kubwa iliyopambwa kwa kamba kochi, wale kamba wakubwa wa baharini.

Usiku ukishakuwa mwingi, nichague chakula gani?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na jibu lake ni kwamba uchague kwa namna kinavyopikwa, usichague kwa namna kinavyopangwa. Usiku wa manane chakula salama na kitamu ni kile kinachoanza kupikwa baada ya wewe kukiagiza, mbele ya macho yako, kutoka kitu kibichi au kitu kikavu. Kila chakula kilichopikwa mchana na kupashwa moto usiku kinategemea uaminifu wa mtu usiyemjua pamoja na ubora wa barafu usiyoiona.

Kwa kipimo hicho piza ya Zanzibar inashika nafasi ya kwanza. Mpishi huchukua donge la unga, akalitandaza mezani mpaka likawa jembamba la kuonesha mwanga, akaweka kima, vitunguu, tungule, pilipili boga na yai, wengine wakaongeza jibini, kisha akalikunja pembe nne na kulikaanga kwenye chuma kipana kilichopakwa mafuta. Kazi yote huchukua dakika chache na hakuna hatua iliyofichika. Ipo pia ya matunda na chokoleti kwa wanaopenda kumalizia kwa kitu kitamu, ingawa kwa maoni yangu ile ya kima ndiyo inayostahili jina.

Mishkaki ya ng'ombe nayo haina neno, mradi uione nyama ikiwekwa mbichi juu ya makaa. Ukiona vijiti vilivyokwisha kubadilika rangi vikisubiri pembeni, omba vibichi, na muuzaji mwenye nia njema hatachukia. Muhogo wa kuchoma, ndizi mbivu za kuchoma na chipsi za muhogo hazina hatari kubwa hata zikikaa, ila hukauka. Mkate wa ajemi na chapati zinazotoka jikoni zikiwa moto hutosha kumshibisha mtu pamoja na mishkaki miwili. Juisi ya miwa hukamuliwa papo hapo pamoja na ndimu na tangawizi. Ikiwa una wasiwasi na barafu, sema mapema kabla glasi haijajazwa.

Na samaki, pweza, ngisi na kamba? Nimekuja Zanzibar kwa ajili ya hivyo.

Basi kula hivyo mapema. Samaki wengi wa mjini hushushwa Malindi na kunadiwa huko au katika soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, na mnada mkubwa ni wa asubuhi. Pweza hawezi kwenda kwenye makaa akiwa mbichi akatoka laini, kwa hiyo hupigwa na kuchemshwa kwanza. Ngisi, kamba na vipande vya samaki vya Forodhani navyo mara nyingi hupikwa nusu au kabisa kabla ya jua kuzama, vikachomekwa vijitini, na usiku hupashwa tu moto. Saa 12:45 jioni hilo si tatizo. Saa 4 usiku, katika joto la kaskazi, vijiti hivyo vimekwisha kukaa hewani muda mrefu, na baadhi yake yawezekana vilikuwapo jana.

Tazama kingo za nyama: zikiwa zimekauka na kujikunja, acha. Nusa kabla ya kupakwa ukwaju na pilipili, kwa sababu viungo hivyo hutumika kupendezesha kilicho kizuri na pia kuficha kilichoharibika. Usione haya kuuliza kama kilipikwa leo. Ukiuliza kwa Kiswahili, kwa upole, utajibiwa kwa namna tofauti na anavyojibiwa mtalii anayenyooshea kidole. Kumbuka pia kwamba wakati wa kusi, kuanzia karibu Juni hadi Septemba, upepo huwazuia wenye vyombo vidogo kwenda mbali, na samaki huadimika na kupanda bei, ilhali meza za Forodhani huonekana zimejaa vilevile. Kuhusu kamba kochi, msimamo wangu ni kwamba bei yake pale haiendani na ladha yake. Anayemtaka kweli amwagize mchana katika mkahawa unaojulikana na akubali kusubiri.

Je, naweza kupata urojo usiku?

Unaweza, lakini urojo, ule mchuzi mzito unaotiwa bajia na kachori, ulio mzuri ni wa alasiri. Wanaouza urojo unaosifiwa mitaani huanza baada ya sala ya alasiri na wengi huwa wamemaliza kabla ya Isha, kwa hiyo bakuli la saa 3 usiku kwa kawaida ni la muuzaji anayewalenga wageni au ni mwisho wa sufuria. Ukiupata, angalia kama rojo lenyewe, lile la manjano lenye ukali wa ndimu au embe mbichi, bado linachemka jikoni. Bajia, kachori, mbatata na mishkaki hutiwa humo, na moto wa rojo ndio unaovirudishia uhai. Chatne ya nazi hutengenezwa bila kupikwa. Usiku mwingi iache, hata kama bila yake urojo hupoteza nusu ya utamu wake.

Nitajuaje bei ya haki?

Uliza kabla ya kuagiza, na uliza kitu kimoja kimoja. Salamu kwanza, kisha swali lililo kamili: "Assalaamu alaykum, kaka. Kijiti kimoja cha ngisi shilingi ngapi, na muhogo umo ndani ya bei hiyo au una bei yake?" Kosa linalowagharimu wageni wengi ni kuruhusu sahani ijazwe "kidogo cha kila kitu" na kuuliza jumla mwishoni, wakati ambapo hakuna tena cha kujadiliana. Kwa muuzaji wa makamo sema "ami" au "mzee," na kwa mwanamke mtu mzima "bi" au "mama." Heshima hiyo haikupi punguzo kwa lazima, lakini hukuondoa katika kundi la watu wanaotajiwa bei ya kwanza iliyomjia muuzaji kichwani.

Jihadhari na papasi, vijana wanaojitolea kukufikisha kwenye "meza ya ndugu yao." Hakuna ubaya wa kuongea nao, na wengine ni wacheshi kweli, lakini ujira wao umo ndani ya bei utakayolipa. Mtu anayezungumza Kiswahili hana haja ya mtu wa kati kumtafutia mishkaki.

Nilipe kwa nini?

Kwa shilingi za Tanzania, taslimu, na kwa noti ndogo. Noti kubwa kuliko zote ni ya shilingi 10,000, na hata hiyo usiku mwingi huleta shida ya chenji mezani, kwa hiyo weka kando za 1,000, 2,000 na 5,000 tangu mchana. Wauzaji wengi hupokea malipo ya simu kwa laini za Tanzania, lakini mwenye laini ya Safaricom au ya Uganda asitegemee kwamba atamlipa muuzaji kwa njia hiyo. Mashine za kutolea fedha ziko Shangani na maeneo mengine ya mjini, na ni busara kuzitumia kungali na mwanga. Tangu mwaka 2025 kanuni za nchi zinakataza kutoza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ukitajiwa bei kwa dola, omba utajiwe kwa shilingi.

Mvua inanyesha na Forodhani hakuna mtu. Nifanye nini?

Mvua kubwa ya masika, kati ya Machi na Mei, huweza kuifuta Forodhani yote kwa robo saa, kwani meza nyingi ziko wazi. Hapo una njia mbili.

Ya kwanza ni kutoka nje ya Mji Mkongwe na kuvuka barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee bado wanaiita Creek Road, kuelekea Darajani na kisha Michenzani, penye yale majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Upande huo wa mji, ambao wenyeji huuita Ng'ambo, ndio wanakoishi watu wengi, na ndiko kwenye chipsi, kuku wa kuchoma, mishkaki, supu na chai kwa bei zisizopangwa kwa ajili ya mtalii. Mabanda mengi yana paa, na walaji wengi ni madereva, wauza maduka na vijana waliotoka kuangalia mpira. Mgeni anayezungumza Kiswahili atakula vizuri zaidi huko kuliko pwani, na ni ajabu kwamba wachache mno huvuka barabara hiyo moja.

Ya pili ni mikahawa ya hoteli za Shangani, Kiponda na Hurumzi, mingine ikiwa juu ya mapaa. Hiyo huwa wazi usiku zaidi ya mikahawa ya kawaida, lakini jiko hufungwa kabla ya mlango kufungwa. Piga simu au muombe mtu wa mapokezi apige, na uulize jiko linapokea oda mpaka saa ngapi. Ukiuliza tu kama wako wazi utajibiwa ndiyo, kisha utapewa soda.

Ninakuja mwezi wa Ramadhani. Usiku kuna nini?

Kuna chakula kingi kuliko mwezi mwingine wowote, lakini kwa saa zake maalumu. Mchana mikahawa ya mitaani hufungwa na kula hadharani kunazuiwa. Mgeni asiyefunga hula hotelini kwake, ndani. Karibu na magharibi barabara hujaa watu wanaowahi nyumbani, na wakati wa adhana mji hunyamaza kabisa. Usitarajie kuhudumiwa dakika hiyo, kwa sababu muuzaji naye ana njaa na tende yake iko mkononi. Futari ni uji, muhogo wa nazi, ndizi, magimbi, viazi vitamu, tambi, kaimati, sambusa na mikate ya kumimina, na haitakuwa ajabu ukiitwa na watu waliokaa barazani: "Karibu futari." Karibia, nawa, kula kwa mkono wa kulia. Kukataa mara moja kwa adabu ni sawa, lakini kukataa mara tatu huonekana kama kuwatilia shaka.

Mji huanza upya baada ya sala ya tarawehe. Forodhani, Darajani na Michenzani huchangamka mpaka usiku wa manane, na baadhi ya majiko husubiri watu wa daku, mlo wa kabla ya alfajiri. Kwa mtu aliyezoea kula usiku mno, mwezi huu ndio unaomfaa. Kwa kuwa Ramadhani hufuata mwezi mwandamo, kila mwaka hutangulia kwa siku 10 au 11, hivyo angalia kalenda kabla ya kukata tiketi.

Na wakati wa Idd na matamasha?

Siku ya kwanza ya Idd el-Fitri mikahawa mingi ya wenyeji haifunguliwi kabisa, kwani wapishi wako na familia zao. Badala yake, jioni nenda viwanja vya Mnazi Mmoja, ambako watoto waliovalia nguo mpya huja na fedha zao za sikukuu na wauzaji wa vyakula huwafuata. Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, na katikati ya mwaka tamasha la filamu la nchi za jahazi, ZIFF. Yote mawili yamekuwa yakitumia Ngome Kongwe, na usiku huo wauzaji wa Forodhani, walio hatua chache kutoka hapo, hukaa mpaka watu waishe. Hali kama hiyo huonekana katika mkesha wa sherehe za Mapinduzi, usiku wa kuamkia Januari 12.

Sili nyama wala samaki. Nitapata nini?

Kachori za mbatata, bajia, maharage ya nazi, chapati, muhogo, ndizi, mkate wa kumimina na piza ya mboga na yai au bila yai. Tahadhari ni moja: mafuta ya kukaangia mara nyingi ni yaleyale yaliyokaangia samaki. Uliza, na ikiwa jambo hilo ni la dini kwako, liseme wazi. Katika mji wenye Wahindu na Waislamu wa madhehebu mbalimbali, swali la namna hii haliwashangazi watu.

Ni salama kutembea usiku kutafuta chakula?

Kwa sehemu kubwa ndiyo, na mji huu ni mtulivu kuliko miji mingi ya ukubwa wake. Lakini vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, vinapinda, na baadhi yake havina taa, hivyo mgeni mwenye njaa anayetembea akiitazama simu ni rahisi kuporwa. Pita njia zenye watu: Kenyatta, Gizenga, Hurumzi, au ukingo wa bahari. Epuka kukaa peke yako kwenye fukwe zenye giza baada ya saa 4. Ukipotea, simama penye baraza yenye watu na uulize. Pale Jaws Corner, Sokomuhogo, wazee na vijana hukaa usiku wakinywa kahawa katika vikombe vidogo, wakicheza dhumna na kubishana siasa, na hakuna njia ya mji huu ambayo hawaijui. Kahawa hiyo chungu kwa kipande cha kashata ni kitulizo kizuri cha njaa ya muda, na kwa nafsi yangu huona ni bora kuliko chipsi za baridi.

Mwanamke anayetembea peke yake atasalimiwa na kuitwa mara nyingi, hasa na papasi. Salamu ijibiwe kwa ufupi, safari iendelee. Nguo zinazofunika mabega na magoti humpunguzia kero, na vilevile ni heshima kwa mji huu. Hukumu hiyo inawahusu wanaume pia, hata kama wao hawaambiwi. Pombe haiuzwi Forodhani. Inapatikana katika baa na hoteli zenye leseni, na si adabu kutembea nayo mkononi.

Umeme ukikatika, usirudi nyuma. Wauzaji wana taa zao, na makaa hayategemei umeme.

Naweza kubeba chakula nikale chumbani?

Bila shaka, ila beba mkoba au kikapu chako. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka kumi na mitatu kabla ya Tanzania Bara, na chakula hufungwa kwa karatasi au kuwekwa katika kisanduku. Mchuzi haubebeki kwa karatasi. Chagua vikavu.

Nifanye nini ili tumbo lisiniharibikie safari?

Kunywa maji ya chupa ambayo muhuri wake umeufungua mwenyewe, nawa mikono kabla ya kula, na usile kilichopoa. Mlipuko wa kipindupindu ukitokea, mamlaka huweza kuzuia kabisa uuzaji wa vyakula na juisi mitaani, kama ilivyokuwa mwaka 2016, na zuio hilo hutangazwa redioni. Likitangazwa, liheshimu hata ukimkuta mtu anauza kwa siri. Kuharisha kukizidi au kukiambatana na homa, Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu, upande wa Vuga, na hupokea wagonjwa usiku.

Nimelala Nungwi au Paje, si mjini. Je?

Kula mapema hotelini. Jiko la hoteli ya pwani hufungwa mara tu wageni wake wanapomaliza, vijiji hulala mapema zaidi, na kuja mjini usiku kwa ajili ya chakula ni safari ya saa moja au zaidi kwa gari la kukodi, kwani daladala huwa zimekwisha kusimama.

Na Pemba?

Pemba wageni ni wachache na hakuna Forodhani. Chake Chake utapata wauzaji wa jioni wa pweza, mishkaki, chipsi na mikate karibu na soko na barabara kuu, lakini hesabu kwamba baada ya Isha wanaanza kuondoka. Wete na Mkoani ni mapema zaidi. Nyumba nyingi za wageni hupika kwa oda, na mwenye nyumba anahitaji kujua kabla ya alasiri ili amtume mtu sokoni. Ukimwambia saa 2 usiku kwamba una njaa hatakunyima, kwani Mpemba hamlazi mgeni na njaa, lakini utakuwa umemtoa kitandani.

Nimechelewa kupita kiasi: ni saa 6 usiku, na boti yangu inaondoka asubuhi na mapema. Bado kuna njia?

Muulize mlinzi wa hoteli yako, maana yeye ndiye anayekula saa hizo na anajua ni jiko gani bado linawaka upande wa Darajani au Michenzani. Mpe nauli ya bodaboda na fedha ya chakula chake pia, naye atakuletea. Ikiwa amejibu hakuna, maduka madogo ya mitaani ambayo bado yana taa huuza boflo, maziwa ya pakiti, mayai ya kuchemsha, ndizi na korosho. Kula hivyo, ulale, na alfajiri utakapokuwa unaelekea bandarini Malindi utawakuta wauza chai, maandazi na supu wamekwisha kuwasha majiko kabla lango la abiria halijafunguliwa.